SOMO LA MWEZI: Fakitire mpya ya serikali, kamati iangalie nini?



Msimu uliopita koperative moja ya hapa Fizi ilimtuma mama mtunza sanduku kwenda Baraka kununua mabashi ya kuanikia mihogo. Alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: bashi 5, franka 250 000. Chini yake: TVA 16 %, franka 40 000. Jumla 290 000.

Siku ya mkutano mkuu, mzee mmoja akauliza: «Mama, hii elfu makumi ine ilienda wapi?» Mama alikosa jibu. Karatasi haikuwa na nambari ya kodi ya muuzaji. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amekula makuta. Mama hakula kitu. Ni karatasi tu iliyoshindwa kumtetea. Juu ya hiyo tunatoa somo hili.

1. TVA ni nini?

Ni kodi ambayo mnunuzi analipa ndani ya bei, na muuzaji anapaswa kuifikisha kwa serikali. Kwetu Kongo ilianza tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni 16 %. Si kila muuzaji ana haki ya kuikata: ni yule tu aliyeandikwa DGI (ofisi ya kodi) kama mlipaji wa TVA. Tena si kila kitu kinakatwa TVA. Sheria inasamehe bidhaa fulani.

2. Fakitire mpya inafanyaje kazi?

Shida ilikuwa hii: mnunuzi analipa TVA, lakini makuta hayafiki kwa serikali, na hakuna anayeweza kujua. Ndiyo maana serikali ilileta fakitire inayoitwa kwa Kifaransa *facture normalisée*, na ikatangaza kuwa ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba 2025. Muuzaji anaingiza mauzo katika mashine au programu. Habari zinafika DGI. Fakitire inatoka na kodi ya siri pamoja na alama ya QR, ule mraba wenye vidoti vyeusi.

Wenzetu waliokaa ukimbizini Kigoma hawatashangaa: Tanzania ilianza risiti za mashine tangu 2010.

3. Tupige hesabu

Kutafuta TVA: 250 000 × 16 ÷ 100 = 40 000.

Kama umepewa jumla tu, usikate 16 % juu ya jumla, utakosea. Gawanya kwa 1,16: 290 000 ÷ 1,16 = 250 000. Baki, 40 000, ndiyo TVA.

Sasa angalisho. Mlipaji wa TVA anaweza kutoa ile aliyolipa kwenye manunuzi katika ile anayodaiwa na serikali. Koperative isiyo mlipaji wa TVA haiwezi. Kwake ile 40 000 imekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo:

- Ukilinganisha bei za madepo mawili, linganisha jumla ya mwisho.
- Ukipanga bei ya kuuza mihogo au mchele, weka gharama ya 290 000, si 250 000. Ukisahau, hasara ni ya wanachama.

4. Kabla ya kutoa makuta

1. Uliza: «Bei hii, TVA iko ndani ao hapana?»
2. Kama muuzaji anakata TVA, omba fakitire mpya. Akisema hana, basi muulize kwa heshima: hiyo TVA anaikata kwa haki gani?
3. Angalia jina na nambari ya kodi ya muuzaji, tarehe, bidhaa, bei bila kodi, TVA, jumla, na alama ya QR.
4. Hakikisha fakitire imeandikwa jina la koperative, si jina la mutu aliyetumwa.
5. Muuzaji mdogo wa sokoni asiyekata TVA si mwizi. Kwake chukua risiti ya kawaida yenye jina, tarehe na sahihi, uiandike katika daftari siku ileile.
6. Piga fakitire picha kwa simu, kisha ifunge katika faili. Wino wa mashine nyingi unafutika kwa joto na jua.

Kazi ya kikundi

Koperative inataka mizani. Depo la kwanza: 300 000 bila TVA, na TVA inaongezwa. Depo la pili: 340 000, TVA iko ndani. Wapi ni rahisi? Bei bila kodi ya depo la pili ni ngapi?

*Majibu:* Depo la kwanza linafika 348 000, kwa hiyo la pili ni rahisi kwa franka 8 000. Bei yake bila kodi ni karibu 293 100.

Kwenye mkutano ujao, mtunza sanduku alete fakitire tatu za mwisho, na wanachama wazisome pamoja. Hapo hakuna atakayenong'ona.