Njia Mbili Zilimshinda Fisi, Sisi Tuna Ishirini

  Somo la toleo hili linatokana na ombi moja ambalo halikosi kwenye kikundi chetu cha maombi hapa Johannesburg: "Niombeeni jamani, sijui nichague lipi." Mmoja hajui arudi nyumbani au atafute kazi huku huku. Mwingine amepata nafasi mbili za uzamili. Wa tatu anahama kanisa kila mwezi. Wa nne ana wachumba wawili, huyo tumwache kwanza. Ukiwasikiliza vizuri, hakuna anayelia kwamba amekosa njia. Wote wanalia kwamba njia zimezidi.

Hadithi ya fisi tunaijua tangu utotoni. Alisikia harufu ya nyama njia panda, akataka kufuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, akapasuka. Sasa fisi alikuwa na njia mbili tu. Sisi je?

Babu hakuulizwa

Kwetu Kilimanjaro, mtu akikuambia anatoka Machame unadhani mara moja ni Mlutheri, na akitoka Kibosho unadhani ni Mkatoliki. Si kwamba babu zetu walikaa chini wakalinganisha mafundisho. Wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 wakashika upande wao, na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakashika wao. Ukizaliwa Rungwe uliwakuta Wamoraviani, ambao walifika mwaka 1891. Ukizaliwa karibu na Kaimosi, Kenya, uliwakuta Wakweka, ambao walianza pale mwaka 1902. Dhehebu lilikuwa kama ukoo. Unazaliwa humo, unazikwa humo.

Sasa njoo Johannesburg siku ya Jumapili. Waanglikana wana katedrali yao ya St Mary's katikati ya mji. Wakatoliki wana Regina Mundi kule Soweto, na huko huko Soweto kuna Grace Bible Church. Ukienda Randburg kuna Rhema. Barabarani unapishana na watu wa ZCC wenye nyota kifuani. Ukifika Yeoville unawasikia ndugu zetu Wakongo wakiimba kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Hakuna shangazi wa kukuuliza mbona hukuonekana ibadani. Yaani kwa mara ya kwanza katika ukoo wako, wewe ndiye unayechagua.

Na uchaguzi huu si mchezo. Mwaka 2016 mchungaji mmoja wa Limpopo alionekana akiwapulizia waumini dawa ya kuua wadudu. Februari 2019 video ya mchungaji wa hapa Johannesburg, akidai kumfufua mtu kutoka kwenye jeneza, ilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo anayesema "makanisa yote sawa tu, ingia popote" hakusaidii.

Lakini kabla hatujaanza kujihurumia, tukumbuke kitu kimoja. Hadi mwaka 2014, Kanisa Kuu la Methodisti hapo katikati ya mji lilikuwa makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Zimbabwe, waliolala sakafuni na kwenye ngazi. Hao hawakuwa na tatizo la njia nyingi. Mzigo wa kuchagua ni mzigo wa aliyebarikiwa. Ni mzigo kweli, ila tuubebe kwa shukrani.

Jamu aina 24

Wale wa saikolojia mtakuwa mmelisoma hili. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio lililofanyika kwenye duka la vyakula huko California. Mara nyingine meza iliwekwa jamu aina 24, mara nyingine aina 6 tu. Waliosimama kwenye meza ya aina 6, asilimia 30 walinunua. Kwenye meza ya aina 24 walinunua asilimia 3 tu. Watu wengi wakahitimisha kwamba wingi wa vitu vya kuchagua unatuharibia.

Ila hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani athari ya wingi inakaribia sifuri. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba wingi huumiza katika hali fulani, na mojawapo ni pale mtu asipojua anachokitaka. Anayejua anataka jamu ya machungwa hasumbuliwi na zile 23. Anachukua yake, anakwenda kulipa.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Uzito hautoki kwenye idadi ya milango. Unatoka kwenye moyo ambao haujaamua jambo la kwanza.

Miti yote ya bustani

Fungua Mwanzo 2:16-17. Mara nyingi tunakimbilia ule mti mmoja uliokatazwa, tunaruka kilichotangulia. Mungu alianza kwa ruhusa: miti yote ya bustani ni yenu. Kisha akakataza mmoja. Hakumwandikia Adamu ratiba ya leo embe, kesho pera. Alimwachia achague, na huko kuchagua hakukuwa dhambi.

Wengi wetu tunaomba kana kwamba Mungu ameficha mti mmoja tu sahihi kati ya yote, na tukikosea tumepotea milele. Eti nikichukua uzamili wa Wits badala ya Makerere nimetoka nje ya mapenzi ya Mungu! Ndugu yangu, inawezekana yote miwili ni miti halali. Kurudi nyumbani na kubaki huku, vyote viwili mtu anaweza kuvifanya kwa imani, na vyote viwili anaweza kuvifanya kwa ubinafsi.

Angalia pia Yoshua 24. Pale Shekemu Yoshua hakuwapa watu orodha ndefu. Aliwawekea swali moja: mtamtumikia nani? Swali hilo likishajibiwa, mengine hayaishi, lakini yanapungua uzito. Nikishaamua kwamba mimi ni wa Bwana, kazi ya kudanganya imeshatoka mezani hata kama ina mshahara mnono. Mchumba anayetaka nimwache Mungu ameshatoka. Kanisa linaloniuzia muujiza limeshatoka. Zinabaki njia chache, na hizo nina uhuru nazo.

Paulo alikuwa safarini

Wengine watasema, "Mimi nasubiri ishara kama Paulo." Haya, tusome Matendo 16:6-10. Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia. Wakajaribu kuingia Bithinia, wakazuiwa tena. Wakateremka mpaka Troa, na ndipo usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia. Mnaona? Milango ilifungwa wakati wanatembea, na maono yalimkuta akiwa ameshasafiri mbali. Hata baada ya maono walitafakari pamoja, wakakata shauri kwamba Mungu anawaita huko.

Kusubiri ishara kunaweza kuwa imani. Kunaweza pia kuwa woga uliovaa kanzu. Tunataka Mungu aseme ili mambo yakiharibika tusiulizwe sisi. Na wakati tunasubiri, tarehe ya kutuma maombi inapita, kibali cha kuishi kinaisha, yule mchumba anaolewa na mwingine. Kutokuchagua nako ni kuchagua, tena bila kufikiri.

Basi tufanyeje?

Kwanza, amua la kwanza. Usianze na "kazi gani?" Anza na "mimi ni wa nani, na nitamtumikia nani kwa elimu hii?"

Pili, ondoa yaliyo wazi. Kwenye Matendo 1:21-26, kabla ya kumpigia Mathiya kura, mitume waliweka sifa, wakabaki na watu wawili wanaofaa. Kura haikuchukua nafasi ya akili. Kuhusu kanisa, uliza hivi: Biblia inafundishwa? Hesabu za fedha zinajulikana? Mchungaji anaweza kuulizwa swali bila kukasirika?

Tatu, omba ushauri kwa watu wawili au watatu wanaokujua, akiwemo mmoja wa nyumbani. Siyo kumi. Ukiuliza kumi, unatafuta wa kukuambia unachopenda kusikia.

Nne, jiwekee tarehe. Ikifika, chagua, kisha funga milango mingine kwa adabu. Waandikie wale wengine uwashukuru. Mwambie yule dada au kaka ukweli.

Tano, kaa. Ignatius wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalichapishwa mwaka 1548, alishauri kwamba uamuzi uliofanywa wakati wa utulivu usibadilishwe wakati wa giza na huzuni. Kila kanisa litakuchosha mwezi wa tatu. Kila kozi ina muhula mgumu. Mti hauzai kama unang'olewa na kupandwa upya kila wiki.

Wapendwa, babu zetu walirithi njia moja, na wengi wao waliitembea kwa uaminifu mpaka mwisho. Sisi tumepewa ishirini, lakini miguu ni ile ile miwili. Mungu hatatuuliza kwa nini hatukupita zote. Bwana awabariki.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni uamuzi gani unauahirisha kwa kusema "naomba kwanza"? Tarehe yake ni lini?

2. Je, njia unazozilinganisha ni halali zote, au kuna moja unayojua moyoni kwamba ilishakatazwa?

3. Kama dhehebu lako ulirithi, ni nini humo ungekichagua hata leo bila kulazimishwa na mtu?