Runinga Yenye Intaneti na Afya ya Mzazi

Mzazi wako aliyeko Litein au Sotik huenda hajawahi kugusa kompyuta, lakini rimoti anaijua. Kwa watu kama yeye, kisanduku cha WebTV kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1996 ili kuunganisha runinga na intaneti kwa waya wa simu.

King'amuzi tulichonunua matangazo yalipohamia dijitali mwaka 2015 huleta stesheni, si intaneti. Runinga janja iliyounganishwa na intaneti ndiyo inayotakiwa.

Mfundishe mzazi hatua tatu: kuiwasha, kubonyeza alama ya maikrofoni, kisha kutamka anachotafuta.

Lakini mtahadharishe pia. Katika intaneti, yeyote anaweza kuvaa koti jeupe na kudai kwamba mizizi fulani huponya shinikizo la damu. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa kuamini hayo huenda asihisi lolote hadi apatwe na kiharusi. Shinikizo la 140/90 au zaidi hujulikana kwa kupimwa tu.

Basi akisikia ushauri mpya, auandike na kuupeleka kliniki kabla ya kuacha hata kidonge kimoja.