Mikumi, Bagamoyo, Unguja: Siku Saba Kwenye Njia ya Pembe

Anayetaka kuona wanyama, miji ya kale na masoko kwa safari moja mara nyingi huanza na Zanzibar, halafu siku mbili za mwisho anazitupia mbugani kama nyongeza. Mimi nashauri kinyume chake: anza bara, malizia baharini. Pembe za ndovu zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, zikafika Bagamoyo, zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja, na huko zikageuka fedha, na fedha ikageuka majumba. Ukishika mwelekeo huohuo, mlango uliochongwa wa Shangani utaufikia ukiwa umeshamwona mnyama aliyeulipia. Kuna faida nyingine isiyo ya kihistoria: vumbi unalimaliza mwanzoni, na mizigo ya sokoni haizunguki nawe wiki nzima.

Ratiba hii ni ya siku saba, kwa mtu anayetokea Dar es Salaam bila gari lake.

Hatua ya 1: Majira, nguo na vitambulisho

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri. Majani yamekauka, maji yamebaki madimbwini, na wanyama huyafuata. Masika, yaani Machi hadi Mei, udongo mweusi wa bonde la Mkata hunasa magari, na Unguja mvua hukufungia ndani. Angalia pia mwezi mtukufu. Mchana wa Ramadhani migahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa na kula hadharani ni utovu wa adabu, ingawa jioni zake, futari ikishatandazwa, zina raha yake.

Usipeleke Mikumi nguo nyeusi wala za buluu iliyokolea. Mbung'o huzipenda mno. Kwa Bagamoyo na Unguja, weka nguo za kufunika mabega na magoti. Kitambulisho kiwe karibu muda wote, kwani treni na boti zote mbili hukidai wakati wa kukata tiketi.

Hatua ya 2: Treni hadi Morogoro, kisha sokoni

Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na njia ambayo basi huila nusu siku pale Kimara na Kibaha zinapofungana, sasa haifiki saa mbili. Kata tiketi mapema, hasa ya Ijumaa. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji.

Wenyewe huuita Morogoro mji kasoro bahari, na ukiinua macho ukaiona Uluguru utawaelewa. Mchana nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, jengo la ghorofa lililofunguliwa 2021. Mboga nyingi hapa zimeshuka kutoka Mgeta, ndizi na viungo kutoka upande wa Matombo, na mchele kutoka bonde la Kilombero. Iliki, mdalasini na pilipili manga nunua hapa, usisubiri Unguja. Hapa unauziwa na anayewapimia mama lishe, kwa kipimo cha jikoni. Kule mara nyingi utakabidhiwa kifurushi cha mtalii chenye utepe. Salamu kwanza, bei baadaye. Ukianza na "shilingi ngapi?" kabla ya "shikamoo mama" au "habari za biashara", usishangae punguzo likikupita.

Jioni inatosha kwa matembezi. Kabla ya mji wa sasa palikuwa na ngome ya Kisabengo, kituo kikubwa cha misafara. Stanley aliipita 1871 akimtafuta Livingstone, wakati huo ikitawaliwa na binti wa Kisabengo. Mwaka uliofuata mafuriko yaliiharibu vibaya.

Hatua ya 3: Mikumi, na alfajiri yake

Siku ya pili panda basi lolote la Iringa au Mbeya, ushukie Mikumi mjini. Barabara kuu inapasua hifadhi kwa takriban kilomita 50, hivyo utaanza kuona twiga na swala pala dirishani kabla hujalipa chochote. Hilo ndilo huwadanganya wengi wakadhani wameshaiona Mikumi. Wameona ukingo wake tu. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na utamu wake uko ndani, kwenye uwanda wa Mkata.

Huwezi kuingia kwa miguu wala kwa bodaboda. Nyumba nyingi za wageni za Mikumi mjini hukutafutia gari la wazi na dereva anayeijua hifadhi. Gari hukodiwa zima, si kwa kichwa, kwa hiyo uliza kama kuna wageni wengine wa kuchangia nao. Hapa ndipo bajeti ya safari nzima huokolewa au kuzama. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana kuliko cha mgeni, lakini ni lazima uonyeshe kitambulisho. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kwa simu au kadi, basi weka salio mapema.

Sisitiza kwa dereva muwe getini saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa. Atakuambia saa mbili inatosha. Haitoshi. Simba hulala jua likipanda, na tembo hujitenga vivulini. Asubuhi tazama uwandani: nyumbu, pundamilia, nyati, na pofu ukibahatika. Nyumbu wa hapa ni wakazi, hawana ile misafara ya Serengeti. Jua likiwa kali nendeni kwenye bwawa la viboko, ambako hata saa sita mchana kuna la kuona. Usishuke garini ila pale dereva atakapokuambia panaruhusiwa.

Tembo ukimpata, zima injini ukae. Jozi ya pembe za dume mkubwa iliweza kuwalemea wapagazi wawili, kila mmoja na yake, kwa miezi ya kutembea kutoka Tabora au mbali zaidi hadi pwani.

Siku ya pili utakuwa umeingia mchana tu, kwa hiyo lala Mikumi, uingie tena hifadhini alfajiri ya siku ya tatu. Kiingilio kimoja hakitoshi mbuga yoyote.

Hatua ya 4: Bagamoyo bila kupitia Dar

Wengi hurudi Dar, wakaumia na foleni, halafu wakapanda daladala za kaskazini. Siku ya nne chukua basi hadi Chalinze, badili kuelekea Msata, na pale Msata shika barabara ya lami ya Bagamoyo. Mabadiliko ni mawili, lakini njia ni fupi na tulivu zaidi.

Bagamoyo ilipata utajiri kwa sababu mbili: inatazamana na Unguja, na ufuo wake wa kina kifupi ulifaa majahazi. Kina hichohicho kiliifilisi. Meli za Wajerumani hazikuweza kukaribia, na 1891 makao makuu ya koloni yakahamia Dar es Salaam. Ndiyo maana mji umebaki na majengo ya enzi ile bila majirani warefu.

Anza na Caravanserai, kituo cha kufikia misafara, ndipo Misheni ya Katoliki iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walipoufikisha mwili wake Februari 1874, baada ya kuubeba zaidi ya kilomita 1,500. Magofu ya Kaole yako kama kilomita tano kusini; kodi baiskeli, na mlipe mwongozaji wa pale, kwa sababu bila maelezo makaburi na misikiti ile ya matumbawe ni mawe tu. Msikiti mkongwe zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13.

Usiku lala mjini. Alfajiri ya siku ya tano shuka ufukweni kwenye soko la samaki, mnada ukiwa umepamba moto. Usisimame njiani na kamera. Wachuuzi wanakimbiza samaki wasiharibike. Kunywa chai, kula vitumbua, kisha panda daladala ya Dar. Mtu akikuambia atakuvusha hadi Unguja kwa jahazi la mizigo, mshukuru uendelee na safari. Vyombo hivyo havijasajiliwa kubeba abiria.

Hatua ya 5: Mji Mkongwe

Boti ya kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Kata tiketi kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au mtandaoni, usikubali kuongozwa na kijana yeyote wa getini.

Siku ya sita anza Darajani asubuhi, sokoni palipojengwa 1904. Upande wa samaki na nyama una mnada wake. Simama pembeni usikilize bei zinavyopanda. Kutoka hapo Mkunazini si mbali. Kanisa la Anglikana liliwekwa msingi 1873, mwaka uleule Sultan Barghash alipofunga soko la watumwa lililokuwa hapo. Ingia taratibu, usome maelezo yote. Pembe na watu vilisafiri njia moja, na mji huu ulijengwa kwa faida ya vyote viwili.

Kisha tembea bila ramani hadi Shangani, uulize nyumba ya Tippu Tip. Ni makazi ya watu, basi tosheka na mlango wake. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alikuwa tajiri mkubwa wa pembe na watumwa, na aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa hapa 1905. Beit el Ajaib, jumba la 1883, utalitazama kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jioni ni ya Forodhani: uliza bei ya mshikaki na pweza kabla havijawekwa kwenye sahani. Urojo kaule uswahilini, mchana, wanakokula wenyeji.

Hatua ya 6: Jozani, kisha nyumbani

Siku ya saba asubuhi, panda gari la kusini hadi msitu wa Jozani, ukawaone kima punju, ambao porini hawapatikani popote nje ya visiwa hivi. Hula hata makaa ya kuni, kwa kuwa huwasaidia tumboni dhidi ya sumu ya majani wanayopenda. Wanakaribia watu bila woga. Usiwaguse wala kuwalisha.

Kabla ya boti ya alasiri kagua mkoba. Makombe, magamba ya kasa na chochote kinachofanana na pembe, acha dukani. Karafuu pakiti chache za jikoni hazina neno, lakini usikubali gunia la bei rahisi kutoka kwa mtu wa uchochoroni. Zao hilo hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kulitorosha ni magendo, hata kama mfuko ni wako.