Hesabu ya Kubadili Fedha

Ndugu zangu wanafunzi, nilipokwenda Uingereza kusoma, baba aliuza kahawa yake yote ili anipatie masurufu. Nami nikabadili fedha hizo katika kiwanja cha ndege, kwa kuwa kibao kilisema, "Hatutozi ada." Kumbe ada imo ndani ya bei!

Fanyeni hesabu hii. Tuseme duka lanunua pauni moja kwa shilingi 4,500 za Uganda, na kuiuza kwa 4,900. Ukinunua pauni 100, kisha ukazirudisha papo hapo, umepoteza shilingi 40,000.

Basi zungukieni maduka ya mjini kabla ya siku ya safari, mkaulize bei zote mbili. Tofauti kubwa ni dalili ya ada iliyofichwa. Nunueni kwake auzaye kwa bei ndogo. Mimi niliyajua haya kahawa ya baba ilipokwisha kupungua.