Kiboya Kinachowaka: Uliza Betri Kabla ya Bei

Duka lenyewe ni mlango mmoja tu, limebanwa na maduka ya spika pale Luthuli Avenue, na kijana wa kaunta alinijibu kabla sijamaliza swali. "Ziko, mzee. Kuna orijino na kuna za kawaida." Akanitolea vifuko viwili kutoka boksi lile lile. Ndani mlikuwa na viboya vyembamba kama penseli, rangi ya machungwa, kila kimoja na kibetri chake kisichozidi njiti ya kiberiti. Ukikisukuma kibetri ndani, ncha ya juu inawaka nyekundu. Nikauliza betri za akiba zinauzwa wapi. Akatazama dari kidogo. "Hizo zinakuja na kiboya, mzee. Zikiisha unanunua kingine."

Ni hapo kitu rahisi kinapogeuka ghali. Mtu anayevua kwa ndoana usiku anahitaji kuona kiboya kikitikisika, basi. Plastiki yake ni ya bei ya chini popote utakapoikuta. Gharama imejificha kwenye kinachokiwasha. Nimewahi kununua viboya vitatu kwa siku moja, duka jingine, nikifurahia bei. Usiku wa pili vyote vilikuwa vimezima, na mjini kote sikupata kibetri cha kuvifufua.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza kifuko usome namba ya betri. Namba hizo si fumbo, ni vipimo. CR425 ina unene wa milimita 4 na ushei na urefu wa karibu 26. CR435 ni unene huo huo, ila imerefuka hadi karibu 36. CR322 ni ndogo kuliko zote mbili. Zote ni za lithiamu, volti 3, na haziingiliani: ya 435 haitaenea kwenye nyumba ya 425 hata ukiisukuma. CR2032 ni ile bapa kama sarafu, kipenyo milimita 20, unene 3.2. Hiyo ya mwisho ndiyo rafiki wa mkazi wa Nairobi, kwa sababu iko kwenye rimoti za magari mengi na kwenye kompyuta za mezani. Ukiitafuta Luthuli utaipata, kwa mafundi wa saa utaipata, na hata supamaketi za Westlands na Kangemi huwa nayo. Zile za umbo la njiti lazima uzitafute kwa wanaouza vifaa vya uvuvi au uagize mtandaoni, na ukizipata nunua za kutosha safari kadhaa.

Piga hesabu ya mfano. Kiboya cha shilingi 150 kinachodumu usiku 2, betri haipatikani: kwa usiku 10 utanunua vitano, shilingi 750. Kiboya cha shilingi 300 ambacho betri yake inakaa usiku 3 na ya kubadilisha ni shilingi 100: kwa usiku 10 utaongeza betri tatu, jumla shilingi 600. Weka bei za siku utakayokwenda, lakini hesabu iwe hiyo. Gawa kwa usiku, usigawe kwa vipande.

Njia nyingine ni vijiti vya kemikali, ndugu wadogo wa vile watoto wanavyovaa mkononi kwenye sherehe za Krismasi. Ndani ya plastiki kuna kichupa cha kioo. Ukikunja kijiti, kichupa kinavunjika, kemikali mbili zinachanganyika na mwanga unatoka bila betri wala waya, na maji hayawezi kukizima. Vya uvuvi ni vyembamba, milimita 4.5 hivi, na vinachomekwa kwenye mpira ulio juu ya kiboya cha kawaida. Ubaya wake ni kwamba ukishakivunja hakuna kurudi nyuma. Samaki wale wasile, kinawaka hadi kiishe. Halafu kuna baridi. Upande wa Limuru mwezi wa Julai, kijiti hicho hicho kitawaka kwa muda mrefu zaidi lakini kwa mwanga hafifu, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kemikali. Mombasa ni kinyume: kinang'aa sana na kuisha mapema. Vile vinene vya maduka ya sherehe usivifunge kwenye mshipi. Ni vizito, na kambare akivuta utadhani ni upepo.

Sasa, wapi? Katikati ya jiji anza Luthuli kwa taa na betri. Kwa viboya vyenyewe, ndoana na mishipi, pitia barabara za chini kuelekea River Road na Nyamakima ukiuliza duka kwa duka, maana bidhaa hizi huingia na mzigo mchanganyiko na wiki ijayo huenda zisiwepo. Anayeishi magharibi ana Toi, kando ya Ngong Road. Kwenye mafungu ya mitumba ya michezo huko hutokea fimbo za kuvulia na visanduku vyenye vifaa vya mtu aliyeacha mchezo Ulaya. Nenda asubuhi, na nenda na betri mfukoni. Muuzaji wa mitumba hana betri ya kukujaribia, na kiboya kilichokaa miaka na betri ndani huwa na kutu ya kijani kwenye springi. Ukiiona, rudisha.

Mimi siku hizi nanunua vichache, natengeneza vingi. Unahitaji taa moja ya LED nyekundu ya milimita 5, betri moja ya CR2032, na chupa ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga, kama zile za vitakasa mikono zilizozagaa tangu 2020. Chagua ndogo uwezavyo. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na upande wa betri wenye maandishi ni chanya pia. Vikutanishe, mguu mfupi uguse upande wa pili, kisha funga kwa seloteki. Inawaka hapo hapo, bila kuchomelea chochote. Kuzima, ingiza kipande cha karatasi kati ya mguu na betri. Nyekundu ina sababu yake. LED nyekundu inahitaji karibu volti 2, ilhali nyeupe na ya buluu zinataka karibu 3, kwa hiyo betri ikianza kuchoka nyeupe huzima mapema na nyekundu huendelea. Tena nyekundu haiyaharibu macho yaliyozoea giza.

Chupa tupu itaelea juu kama bata na samaki hataweza kuizamisha. Tia chubwi ndani, au vijiwe, hadi ibaki ncha tu juu ya maji. Jaribu kwenye beseni nyumbani, kisha iache humo hadi asubuhi. Unyevu ukionekana ndani, paka silikoni shingoni mwa kifuniko na urudie. Kama hupendi chupa, chonga mwili wa kiboya kwenye soli ya kandambili iliyokatika. Povu lake halinyonyi maji. Ndiyo maana kandambili huelea baharini miaka na miaka, na ndiyo maana karakana ya Ocean Sole pale Karen ina malighafi tele: inachonga tembo na twiga kwa kandambili zilizookotwa kwenye fukwe. Kiboya kinataka kipande kisichozidi kidole gumba.

Kuhusu maji yenyewe sitasema mengi. Nairobi Dam limefunikwa na magugu-maji na limebeba taka za mitaa iliyolizunguka, kwa hiyo samaki wa humo si wa kupeleka jikoni. Naivasha si mahali pa kuketi ukingoni usiku, kwani saa hizo kiboko ndipo anapotoka kula nyasi, na hatakuuliza leseni. Waliobaki ni wenye mabwawa binafsi upande wa Kikuyu na Limuru, ambao ukizungumza nao vizuri na kulipia samaki hukuruhusu. Kwingineko kote pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti uulizie leseni, kwa maana Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inamhusu hata anayevua kwa kujiburudisha. Na ujue unayemfuata. Ngege hula mchana kwa kutumia macho, kwa hiyo kiboya chako kinachowaka hakitamleta. Kambare ndiye wa usiku. Anatafuta kwa ndevu na harufu, chini kabisa. Chambo kikae karibu na tope. Mwanga ni wako wewe, si wake.

Kwa wavuvi wa omena mambo yamegeuka: mwanga ni wa samaki. Nawataja kwa sababu watu wengi wa Kawangware na Kangemi wana ndugu Mbita, Homa Bay au Busia, na simu inapopigwa kutoka ziwani huwa ni ya kuagiza taa. Ziwa Victoria, usiku usio na mbalamwezi, taa huwekwa juu ya vyelezo vya mbao na kuachwa zielee. Wadudu na vijidudu vya majini hufuata mwanga, omena huwafuata, kisha chelezo huvutwa polepole hadi kwenye wavu. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua kituo Mbita cha kukodisha taa za kuchajiwa kwa nguvu ya jua, na Septemba 2018 serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hesabu ya karabai ikazidi kuwa ngumu.

Ukiagizwa taa hizo, usidanganywe na wati zilizochapishwa kwenye boksi. Uliza itawaka kwa muda wa saa ngapi kwa mwanga kamili, kwa kuwa usiku wa ikweta una karibu saa 12 na taa inayofifia saa nane za usiku ni hasara ya wavu mzima. Tafuta jina la bidhaa kwenye orodha ya VeraSol, mpango uliopokea kazi ya Lighting Global mwaka 2020 wa kupima taa za sola. Uliza kama betri inafunguka kwa skrubu au imegandishwa, maana iliyogandishwa ikifa taa imekufa nayo. Chelezo usikinunue Nairobi. Fundi wa ziwani atakitengeneza kwa mbao za huko, akijua wimbi la huko. Ukitaka fremu ya chuma ya kushikilia taa, fundi wa jua kali wa Kamukunji atakukunjia ukimpelekea vipimo. Na angalia kalenda. Kwa miaka mingi uvuvi wa omena upande wa Kenya umekuwa ukifungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, kwa hiyo taa ifike mwishoni mwa Julai, ijaribiwe usiku mzima nchi kavu kabla haijaingia majini.

Tumalizie na betri zilizokufa. Ile bapa ya CR2032 mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa 2, hata ikiwa haina tena nguvu ya kuwasha taa. Usingoje dalili, mpeleke hospitali papo hapo. Zilizotumika zifunge seloteki pande zote mbili zisigusane, ziweke kwenye mkebe wenye kifuniko kigumu juu ya kabati, na mkebe ukijaa upeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, kama WEEE Centre iliyo Utawala. Ni mbali kwa mtu wa Uthiru, najua. Wangu haujajaa bado.