Msongamano Mlangoni mwa Duka

Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, watu wapatao 2,000 walikuwa wamekusanyika nje ya duka la Walmart huko Valley Stream, jimbo la New York, Marekani, wakingojea bidhaa zilizopunguzwa bei. Walisukumana hata milango ikavunjika, na mfanyakazi mmoja aliyewekwa hapo kuwazuia akaangushwa na kukanyagwa. Alikufa kwa kukosa pumzi.

Wengi hulaumu tamaa ya wanunuzi. Sisi tunaona kosa lilitangulia, katika namna watu walivyopangwa. Aliye nyuma hamwoni wa mbele. Akiona nafasi husogea hatua moja, asijue kwamba hatua yake pamoja na za mamia wenzake ni uzito unaombana mtu ukutani. Watu wakifikia watano au zaidi katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayejimiliki. Kifua hubanwa, na mtu huweza kufa angali amesimama.

Jambo hili si la Marekani tu. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao wakiwa vijana na watoto, walikufa katika msongamano kwenye jumba la maduka jijini Kampala. Hapakuwa na punguzo lolote la bei. Walikuja kutazama fataki.

Basi mwenye duka aanze kazi kabla mlango haujafunguliwa. Foleni isianzie mlangoni penyewe bali kando yake, na vizuizi viwe na kona na mianya ili msukumo wa nyuma usifike mbele kwa mkupuo. Bidhaa ikiwa chache, wagawiwe kadi za namba kwa kadiri walivyofika, na aliyekosa aambiwe mapema aende zake. Kwa maoni yetu hatua hii hupita zote kwa manufaa, nayo ina gharama ndogo mno. Mlinzi asisimame katikati ya mlango akiukabili umati. Akae ubavuni, na mwenzake mwenye kipaza sauti apande mahali pa juu, awaamuru walio nyuma wasimame.

Mlango wa dharura usitiwe kufuli. Tunajua hofu ya wezi ilivyo kubwa mwezi wa Desemba, lakini hapo panahitaji mlinzi, wala si kufuli. Kituo cha polisi nacho kiarifiwe siku kadhaa kabla, si vioo vinapovunjika.

Nawe mnunuzi, ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua. Usishindane na msukumo. Fuatana nao, huku ukijivuta upande kidogo kidogo kila unapotulia. Mtoto mbebe juu. Kiatu au simu ikianguka, usiiname kuiokota.