Kuhesabu Herufi kwa Tarakilishi: Mfano wa Thika na Ruiru

Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua ni herufi zipi zinazojirudia zaidi katika matini ya Kiswahili hana haja ya kuzihesabu kwa kalamu. Lugha ya skripti kama Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, huifanya kazi hiyo kwa mistari minne:

    idadi = {}
    for h in matini.lower():
        if h.isalpha():
            idadi[h] = idadi.get(h, 0) + 1

Mstari wa kwanza huandaa kamusi tupu. Wa pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuipitia matini herufi moja moja. Wa tatu huacha nafasi na alama za uakifishaji. Wa nne huongeza 1 kwenye hesabu ya herufi iliyofikiwa.

Na ichukuliwe sentensi hii: Thika na Ruiru ni miji ya Kaunti ya Kiambu. Ina herufi 34, zikiwemo i mara 7, a mara 6 na u mara 4. Irabu ni 17, yaani nusu kamili. Hili si ajabu, kwani silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Pasipo kugeuza herufi kubwa, K ingehesabiwa mara 2 na k mara 1, kana kwamba ni herufi tofauti.

Hata hivyo, herufi si sauti. Majina Thika na Ruiru yana herufi tano kila moja, lakini Ruiru lina sauti tano ilhali Thika lina nne, kwa kuwa th ni sauti moja. Programu huhesabu t na h mbalimbali; hivyo h huongezeka kila penye ch, dh, gh, kh, sh na th. Aidha, ng' ya ng'ombe hupoteza ritifaa na kuhesabiwa kama n na g. Dawa yake ni kuweka alama moja badala ya kila jozi kabla ya kuhesabu.

Lipo pia jambo ambalo tarakilishi hailitambui. Jina Thika huandikwa kwa tahajia ya Kikuyu, ambamo th hutamkwa kama dh ya dhahabu, sauti ghuna. Th ya thamani ni sighuna. Programu huziweka zote katika fungu moja. Mtafiti anayeeleza mfumo wa sauti kwa kutegemea jedwali la herufi pekee huishia kueleza tahajia. Hana budi kuamua kwanza anahesabu nini, herufi au sauti, na kulibainisha hilo kabla ya kuwasilisha takwimu zake.